Matanga Yasiyoanuliwa

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, wanyama walikaa kijirani kama sisi. Walipika, walifua, na walizozana juu ya takataka.

Wadogo walijenga kandokando ya njia iendayo mtoni. Wakubwa walikaa juu kilimani, na kila asubuhi waliteremka mbio kwenda kunywa maji. Gidi, gidi, gidi! Vumbi linaingia kwenye uji, vyungu vinaanguka, watoto wanarukia ukutani.

Asubuhi moja Mashavu, binti wa Bi Digidigi, alitumwa chumvi kwa jirani ng'ambo ya njia. Nyati akatokea kwenye kona. Hakumwona, na hata angemwona, kwa mbio zile asingeweza kusimama.

Sitawaeleza zaidi. Mashavu hakufika kwa jirani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi ambayo hata Kifaru, mkorofi yule, aliiheshimu: anayepita mbele ya msiba hutembea polepole, kichwa chini, na hutoa pole. Bi Digidigi alipotandika jamvi mlangoni, njia ikatulia. Nyati mwenyewe alipita hatua kwa hatua.

"Pole, Bi Digidigi. Sikukusudia."

"Najua, Bwana Nyati. Ila nakuomba, kuanzia sasa mkifika penye nyumba zetu mtembee."

"Hilo gumu," alisema Nyati. "Njia hii ni ya mbio tangu enzi za babu zetu. Wafundisheni watoto wenu kutazama."

Akaenda zake, polepole, kwa sababu ya jamvi.

Siku ya tatu akaja jirani yake, Bi Nungunungu. "Shoga, leo tunaanua matanga. Inuka tukunje jamvi."

"Tukilikunja, kesho watapitaje?"

Bi Nungunungu akageuka kutazama njia. Wanawe wawili walikuwa wamekaa katikati yake wanachora vumbini. "Watapita mbio," alisema.

"Basi sianui. Nitasema nimefiwa na shangazi. Shangazi akimalizika, wewe utafiwa na mjomba."

"Mjomba wangu mzima yule. Jana tu kala kwangu mpaka kalamba sufuria."

"Mwambie asitoketoke nje."

Ndivyo misiba ilivyozunguka nyumba hadi nyumba. Bi Kanga alifiwa na bibi yake mara mbili. Kifaru alinung'unika, "Hawa wadogo wana bibi wangapi?" Lakini alitembea. Watoto wakaanza kuvuka njia bila kushikwa mkono.

Kwenye kila jamvi Bi Digidigi alikuwepo, akilia. Wenzake walijipaka maji ya kitunguu machoni. Yeye hakuhitaji kitunguu.

Siku moja Nyati aliamua kufanya uungwana. Akaleta mzigo wa majani mabichi kwa Bi Nungunungu, akapiga hodi, akachungulia ndani. Marehemu alikuwa amejaa tele mezani, anatafuna muhogo.

"Si huyu mjomba mliyemzika juzi?"

Mjomba akaacha kutafuna. Nyati akapiga kwato chini, ti! Nyumba ikatikisika.

"Nani kabuni haya?"

Bi Digidigi akainuka kwenye jamvi. "Mimi."

"Tangu masika mpaka sasa natembea kwa ajili ya maiti wasiokuwepo?"

"Ndiyo. Hawapo kwa sababu ulitembea." Hakurudi nyuma. "Nikuulize, Bwana Nyati. Muda wote huo, kuna siku ulifika mtoni ukakuta maji yamekwisha?"

Nyati akafikiri. "Hapana."

"Basi asubuhi ile ulikuwa unawahi nini?"

 Nyati alitazama njia, akatazama kona, akamtazama mama yule asiyefika hata gotini pake. Kisha akaketi kwenye jamvi akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kesho yake aliwakusanya wakubwa wote kule kilimani akawaambia: kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho ni kutembea, kuwe na msiba, kusiwe na msiba. Kifaru alitaka kubisha, akamwona Nyati macho yake, akaacha.

Majamvi yakakunjwa. Bi Digidigi aliwasaidia wenzake wote, na la kwake akalikunja mwisho. Kisha akakaa mlangoni kuwatazama watoto wakivuka kwenda kucheza. Aliwahesabu hiyo siku, na kila siku baada ya hiyo, na kila akihesabu alipungukiwa na mmoja.

Hapo ndipo nilipoachiwa hadithi hii, na ninachotaka mkishike, wanangu, ni hiki: penye nyumba za watu, tembea.