Kamati ya Kuni na Chungu cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko ya udongo na hasira za jikoni kama sisi, masika yalikaribia. Wote wakatema kuni, wakazirundika pamoja. Ikaundwa Kamati ya Kuni, yenye wajumbe wawili: Kiboko, mwenyekiti, na Nyati, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali.

"Kuni zitagawiwa kwa uzito wa mwili," akatangaza Kiboko.

"Naafiki!" akasema Nyati.

Bi Pimbi, mama wa watoto wanne, akapewa vijiti vitatu.

"Ebo! Masika mazima? Nipikie au nichokolee meno? Kutema niteme mimi, kuota moto mwote nyinyi! Wanangu wale unga mbichi?"

"Peleka malalamiko kwa Kamati," akajibu Kiboko.

"Kamati si ndiyo wewe?"

"Ndiyo. Yamekataliwa."

Jamani! Pimbi akameza hasira, akalainisha sauti mbele ya wanyama wote.

"Basi tushindane, Mheshimiwa. Chungu kwa chungu, maji sawasawa. Atakayechemsha kwanza ndiye agawe rundo. Mimi na vijiti vyangu, wewe na magogo yako. Au unamwogopa mwanamke asiyefika hata gotini?"

"Mimi? Niogope? Washa!"

"Ila jiko la mwenyekiti lisionekane lina nafasi. Watu watasema ana njaa."

"Kweli kabisa! Shindilia, Nyati! Moto hula kama mimi!"

Wakashindilia magogo juu ya makaa, pasibaki hata upenyo wa sisimizi.

Pimbi akavuta makaa yake mbele, mlangoni pa jiko. Akalaza vijiti viwili huku na huku, cha tatu akakikingamisha juu yake, chini akaacha uwazi. Upepo ukapita. Vuu! Ndimi za moto zikalamba chungu.

Na kwa Kiboko? Moshi mtupu!

"Kho! Kho! Nyati, puliza!"

"Naaf... kho! Naafiki!"

Tokotokotoko! Chungu cha Pimbi kikachemka.

"Umeniroga!" akafoka Kiboko, machozi yakimchuruzika.

"Nimekusifu tu, Mheshimiwa. Moto nao huvuta pumzi. Wewe mwenyewe umeukaba koo."

Kisha Pimbi akagawa rundo kwa idadi ya midomo ya kila nyumba. Yeye na wanawe wakapata mafungu matano. Kiboko, aliyeishi peke yake, akapata fungu moja, kwa kuwa mdomo wake, hata ukiwa mpana vile, ni mmoja.

Basi, wanangu, ashindiliaye vyote ndani huambulia moshi.