Tenga la Kura

"Usilipie tenga usilolimwaga." Wauza vitunguu wamewatupia maneno hayo leo, nanyi mnanijia mbio na fulana zenu mpya za kampeni kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu. Wewe Ambwene, weka simu chini, mimi sisimulii kisogo. Methali hii ilianza kwa mama yangu mzazi, Sekela, nami nilikuwepo.

Mama alikuwa muuza nyanya. Nyanya zililetwa sokoni kwa matenga yaliyofunikwa majani, nzuri juu, mbovu chini. Mama hakuwa na haya. Kabla hajatoa hata senti alitandika gunia, akalipindua tenga lote, akakagua. Wenye nyanya walimwita mkorofi. Yeye alicheka tu.

Enzi hizo jimbo letu lilikuwa na katiba yake, ikaja kura ya kuibadilisha. Tuliahidiwa kwamba mabadiliko yakipita, tutajengewa wodi ya wazazi hapa hapa. Wakati huo mwenye uchungu alipelekwa ng'ambo ya mlima. Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani, mikononi mwa Mama, na sasa nilikuwa na mimba tena. Basi Mama aliposikia habari ya wodi hakutulia. Alivaa fulana ya Ndiyo, akaimba kwenye mikutano, akapita na wanawake wenzake nyumba kwa nyumba kuuliza nani hajachukua kadi ya kupigia kura. Hata chakula alikula amesimama.

"Mama, pumzika," nikamwambia.

"Nitapumzika ukishajifungua salama."

Nami nilikuwa na hofu, jamani. Nilitaka Ndiyo ishinde kuliko kitu chochote duniani.

Kura ilipokaribia, Bi Anganile, muuza vitunguu na mtani wake Mama, alimkuta akimwaga tenga la mtu. Akapiga makofi. "Makubwa haya! Nyanya za watu unazimwaga mpaka ya mwisho, lakini katiba umejitwika na majani yake! Ya chini umeiona?"

Soko zima likacheka. Mama hakucheka. Alikuja nyumbani mbio, kijitabu cha mabadiliko mkononi.

"Nisomee yote," akaniambia. "Usiruke kitu."

Nikasoma. Wodi ilikuwa mwanzoni. Mwishoni kabisa palikuwa na kifungu kifupi: viwanja vyote vya masoko vitakuwa mali ya ofisi ya jimbo, iviuze ipendavyo, wala hakuna atakayeruhusiwa kuishtaki. Na kura ilikuwa moja tu kwa yote, ndiyo au hapana.

Nikafunga kijitabu. "Mama, ya soko achana nayo. Mimi je? Mtoto huyu je?"

Akatoka nje. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anakaa, anainuka, anashika ufagio, anauacha.

Kesho yake ulikuwa mkutano wa mwisho. Bwana Lugano, kiongozi wa kampeni, alimpa kipaza sauti aimbe. Mama hakuimba.

"Bwana Lugano, wodi tunaitaka. Soko tuachieni. Tenganisheni, tupige kura mbili."

"Haiwezekani, mama. Ni yote au hakuna. Wewe imba, binti yako anasubiri wodi."

Mama akanitazama, machozi yakamtoka mbele ya watu. "Binti yangu nampenda kuliko soko. Lakini hawa nao ni mabinti wa watu, na wanakula hapa. Ndugu zangu, nimewaimbia tenga nisilolimwaga, nisameheni. Leo nimelimwaga, na chini yake nimekuta soko letu. Usilipie tenga usilolimwaga!"

Wakazima kipaza sauti, lakini neno lilishatoka. Wanawake walewale waliohimiza kadi wakapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii wakisoma mpaka kifungu cha mwisho. Hapana ikashinda.

Nilimkasirikia Mama, nikaacha kumsemesha. Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja uchungu uliponishika pale pale sokoni. Gari likatafutwa, halikupatikana. Bi Anganile akapiga ukelele. Wanawake wakaacha meza zao, wakatandika magunia, wakanizungushia kanga pande zote. Mama alinishika kichwa, akirudia tu, "Usiniache, mwanangu, usiniache." Kisha tukasikia kilio cha mtoto.

Mtoto huyo ndiye baba yenu. Alizaliwa juu ya magunia ya nyanya, kwenye kiwanja ambacho nilitaka kiuzwe. Wodi ilikuja miaka ya baadaye, kwa kura yake yenyewe, na Mama aliipigia Ndiyo baada ya kunilazimisha nimsomee kila neno.

Kesho ni zamu yenu kupiga kura, na fulana mmeshavaa. Haya, nani kati yenu amesoma mpaka mwisho? Mbona mnatazamana? Leteni hicho kijitabu hapa, tukimwage. Usilipie tenga usilolimwaga.