Mfalme Aliyekanyaga Mahindi Yake

Nianze, nisianze?

Anza!

Na atakayesinzia?

Amwagiwe maji!

Haya. Hapo kale, katika nchi ya Wanahua, nchi ya milima na maziwa huko Meksiko, kabla Mhispania hajatia mguu, palikuwa na mfalme jina lake Olintzin. Bwana huyu alikuwa mtunzi. Akila anatunga, akioga anatunga, akihukumu anatunga. Wake zake walikoma!

Sasa nisikilizeni vizuri. Sheria ya kule ilikuwa hivi: mahindi yaliyo kando ya njia, ukiwa na njaa, vunja ule, hakuna wa kukuuliza. Ukiingia katikati ya shamba ukavunja, unauawa. Na palikuwa na desturi nyingine: mfalme hapotei. Akipita popote, hata porini, watu husema hapo palikuwa na njia tangu zamani, ila macho yetu hayakuiona. Msinicheke mimi, wachekeni wao.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mjane mmoja, Sentewa, akaenda shamba la mfalme. Kando ya njia watu wameshamaliza. Nyumbani watoto wanalia njaa. Akaingia katikati, akavunja. Akakamatwa.

Hakimu mkuu, Tekwani, mtu mkavu asiyejua kucheka, akaweka picha ya mjane mbele ya mfalme, barazani kando ya shamba lile. Kule mfalme akiipiga picha yako mstari kwa ncha ya mshale, ndiyo basi tena.

"Mwanangu, ulivunja?" mfalme akauliza.

"Nilivunja, baba. Sikuwa na jinsi."

Mfalme akainua mshale, akaushusha. Akauinua, akaushusha. Akauinua, machozi yakamtoka. Alimwonea huruma sana.

"Bwana, sheria ni yako," Tekwani akasema. "Ukiivunja wewe, nani ataishika?"

"Kweli. Lakini ngojeni, wimbo umenijia. Nikautunge kwanza."

Akatoka huku anaimba:

Hindi likivunjwa, litaota tena,
Mtu akivunjwa, haoti, haoti!

Watu wakangoja juani. Mama wa watu anasubiri kuuawa, eti mfalme anaimba! Hata mimi ningemtukana.

Akarudi, vumbi mpaka magotini, majani ya mahindi kichwani.

"Tekwani, nilipopita ni nini?"

"Ni njia, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, ila macho yetu..." Akageuka, akatazama shambani. Lo! Mfalme amekanyaga mahindi yake mwenyewe, huku na huku, mpaka pale pale alipokamatiwa Sentewa.

"Basi huyu mama alivunja wapi?"

"Kando ya njia, bwana," Tekwani akasema.

Weee! Vigelegele hivyo!

"Lakini bwana," Tekwani akasema, "shamba zima sasa ni kando ya njia. Wenye njaa watalimaliza. Wewe utakula nini?"

Mfalme akamshika Sentewa mkono, akamwinua.

"Mama," akasema, "ukipika leo, nikaribishe."

Nami nimefika. Iliyokugusa nenda nayo, iliyokukera niachie mwenyewe.

Tumepokea!