Tambi Moja ya Bi Saodah

Sogeeni, na anayesikia aitikie. Katika nchi ya Wamalai, kando ya barabara, palikuwa na kibanda cha Bi Saodah, mpishi wa tambi za mchuzi wa nazi. Watu wa huko tambi hawaikati kwa meno. Aikataye amekata umri wake. Huivuta tu, fyuu, mpaka iishe.

Adhuhuri moja likaja zimwi, ndevu zinaburura vumbi. Likala sufuria nzima.

"Ongeza, mama."

"Zimekwisha, baba."

Siku ya pili likala sufuria tatu.

"Ongeza, mama."

"Zimekwisha, baba."

"Basi kesho nikiondoka hapa na njaa, nitamla mpishi."

Alfajiri Bi Saodah akakanda unga wote aliokuwa nao, machozi yakidondokea humo, akavuta tambi moja tu, ndefu, isiyounganishwa popote. Adhuhuri zimwi likaja, likaketi, likavuta. Fyuu. Tambi ikabaki nusu, ikabaki robo, ikabaki pima moja. Bi Saodah akainama kama anayefagia, akaifunga ncha ya tambi kwenye ndevu za zimwi.

Fyuu. Ndevu zikaingia, kidevu kikafuata. Zimwi likatoa macho, lakini kuuma liliogopa, na kuacha halikujua. Likajivuta kichwa, mabega, miguu, mpaka pakabaki bakuli lake la tambi tu.

Bi Saodah akalifudikiza, akaweka jiwe juu.

Kibanda kipo hadi leo. Ila kila mchuzi ukichemka, jiwe hutikisika, na chini ya bakuli sauti husema, "Ongeza, mama."

Hadithi imekwisha. Njaa ya zimwi bado.