Siku Kumbikumbi Walipoitwa Adui

Hadithi!
Njoo, tumekaa!
Ije na uongo?
Uje, tumeuzoea!

Basi, hapo kale mvua ilichelewa mno. Wanyama wakakonda, wakabaki macho na masikio. Sange, yule mdogo mwenye pua kama mrija, alikuwa na watoto wawili ambao hata kulia walikuwa wameacha. Aliwabembeleza, "Mvua ikinyesha kumbikumbi watatoka. Tutakula."

Mvua ikanyesha. Chwa! Chwa! Chwa! Kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye kichuguu, firrr, firrr. Kumbe chifu wa wanyama, Nyani, mroho kupindukia, ameshapanda juu ya kichuguu.

"Baho! Baho! Wananchi, nchi imevamiwa! Hawa si kumbikumbi tena. Hili ni Jeshi la Anga la Adui!"

"Lakini Mtukufu," Kobe akasema, "mwaka jana si tuliwala?"

"Mwaka jana walikuwa wanatupeleleza! Kila mtu ndani! Atakayeguswa na adui atafungiwa pangoni, kwa usalama wake mwenyewe!"

Loo! Ngiri na meno yake yale, pu! shimoni. Kobe, chwi! gambani. Hata Nyegere, asiyeogopa nyuki wala simba, akajifungia anatetemeka. Mdudu ni yule yule, jina tu limebadilika. Mimi wanyama hawa wananiudhi, basi tu.

"Mama," mtoto wa Sange akauliza, "na njaa je, yenyewe siyo adui?"

Uchungu ukamshika Sange. Akachungulia nje. Nyani yuko peke yake: anakamata, anatia mdomoni, anakamata, anatia mdomoni. Mashavu yametuna yanataka kupasuka.

"Anhaa," Sange akasema.

Akapita shimo kwa shimo. "Ngiri, toka! Mtukufu yuko vitani peke yake!" "Nyegere, toka! Mtukufu yuko vitani peke yake!" "Kobe, nawe toka, hata polepole!" Wakatoka na fimbo, wameona haya, wakamzunguka chifu.

"Mtukufu, tupe amri!" Sange akasema.

"Mmm," Nyani akajibu.

"Basi tamko fupi tu!"

"Mmm! Mmm!" Mabawa yakachomoza midomoni, firrr, firrr.

"Jamani! Adui ameshamteka chifu! Ameingia mpaka mdomoni!"

"Amri yake inasemaje?" Nyegere akauliza.

"Pangoni! Kwa usalama wake!"

Wakambeba mzegamzega, pu! pangoni, jiwe mlangoni, huku wanamlilia kwa mapenzi. Nyani akameza, akapata kusema: "Fungueni! Ni kumbikumbi tu! Kumbikumbi wa kawaida!"

Ngiri akatikisa kichwa. "Masikini, wamemharibu akili. Sasa anamtetea adui."

"Na hawa waliobaki?" Kobe akauliza.

"Hao ni mateka," Sange akasema. "Tuwaweke mahali salama." Akafungua mdomo, akawaonyesha mahali penyewe. Siku hiyo watoto wake walikula mpaka wakasinzia, mabawa yamewaganda puani.

Hadithi imeishia hapo. Uongo nimewaachia, utamu nimeumeza.

Na fundisho lake, wajukuu zangu, ni hili: mkubwa akisema kuna adui, msiulize, ingieni ndani. Tena nimesikia kumbikumbi wa mwaka huu ni hatari mno kwa taifa. Wakitoka kesho, fungeni milango na mtulie kimya. Bibi yenu nitajitoa mhanga, nitoke peke yangu, na ungo na chumvi.