Picha za Moyo Ndani ya Pipa la Taka

Sogeeni karibu. Mwoga ashike mkono wa mwenzake, na asiyeogopa aseme sasa hivi nimtazame usoni. Hakuna? Vizuri, basi tuko sawa.

Katika hospitali ya Kilongwe, kule milimani, walifanya kazi wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa kipaji chake.

Wa kwanza ni Sikitu, karani wa wodi ya watoto. Kipaji chake kilikuwa woga. Msicheke! Wanaoogopa jambo likishatokea ni wengi, hata mimi nimo. Sikitu aliogopa kabla. Mlango ukigongwa kwa nguvu, yeye tayari kasimama. Wenzake walimtania kwamba iko siku ataiogopa chai yake mwenyewe.

Wa pili ni Namsifu, fundi umeme, mwenye dhamana ya jenereta na swichi zote. Kipaji chake kilikuwa wepesi wa mkono. Wengine wakiwa bado wanaulizana, yeye ameshatenda. Wepesi huo ulimponza mara kadhaa, na onyo la mwisho alikuwa ameshapewa.

Wa tatu ni Mwajabu, fundi wa kompyuta, mgeni pale. Kipaji chake kilikuwa subira. Angeweza kukaa na mashine iliyogoma kutwa nzima bila kuitukana hata mara moja.

Sasa shikeni desturi ya pale, maana balaa lilitokea humo. Katibu wa hospitali, Mzee Mshana, alipenda usafi kupita kiasi. Kila Ijumaa alipita meza kwa meza akitazama skrini, na akikuta barua pepe zimemjaa mtu, humsema wakati wa chai mbele ya kadamnasi. "Meza chafu, akili chafu!" Watu wakafanyaje? Kila barua waliyokwisha kuisoma, ya maana na ya upuuzi, wakaisukumia kwenye pipa la taka la kompyuta. Wakiihitaji wanaiokota humo humo. Miaka ikapita hivyo, mpaka pipa likawa ndilo kabati la hospitali nzima.

Kumbe fundi aliyemtangulia Mwajabu alikuwa ameiamuru seva, ile mashine kuu inayotunza barua za wote, ifute yenyewe chochote kilichokaa pipani zaidi ya mwezi. Ila alikosea njia. Aliielekeza kwenye pipa lisilokuwapo. Kila siku seva ilikwenda kumwaga taka, ikakuta patupu, ikarudi zake. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyepoteza kitu.

Siku moja seva ikajaa pomoni. Barua mpya zikawa zinazuiwa mlangoni. Mzee Mshana akamwita Mwajabu.

"Binti yangu, mbona barua haziingii?"

"Seva imeshiba, Mzee. Inatakiwa ijisafishe yenyewe, nayo haijisafishi. Nipe nafasi nitafute sababu."

"Safisha tu. Usafi hauombewi ruhusa kwangu."

Mwajabu akakaa nayo, akafuata amri moja baada ya nyingine mpaka akaliona kosa. Akainyoosha njia, akaiamuru seva ianze kazi pale pale. Hakumuuliza mtu. Angeuliza nini? Nani duniani anatunza mali yake kwenye pipa la taka? Akaenda kunywa chai.

Wakati huo huo, wodini, simu ililia. Kulikuwa na mtoto anaitwa Sadiki, mdogo wa kwenda chekechea, moyo wake una tundu. Akicheka sana midomo inageuka rangi, kwa hiyo watu walikuwa wanaogopa kumchekesha. Mama yake, mjamzito wa miezi mingi, alikuwa akilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Simu ilitoka hospitali kubwa ya mjini. "Nafasi ya upasuaji imepatikana. Tutumieni picha za moyo wake kabla ya adhuhuri. Zisipofika, tunampa mtoto mwingine."

Mashine iliyopiga zile picha ilikuwa imeungua kwa radi. Nakala iliyobaki ilikuwa moja, ndani ya barua pepe ya Sikitu. Na Sikitu, kwa kuiogopa Ijumaa, alikuwa ameitia pipani.

"Dada Sikitu," Mama Sadiki akauliza, "picha zipo?"

"Zipo, mama. Nazitoa sasa hivi."

Akafungua pipa. Akaona barua ya chini kabisa, ya miaka iliyopita, imetoweka. Akadhani macho yake yanamdanganya. Ikatoweka ya pili. Kisha zikaanza kwenda kwa safu, za kale kwanza, kimya kimya, na kufutwa kule kukawa kunapanda juu kuelekea ule mwezi wa picha za Sadiki. Sikitu akaibonyeza barua ya picha. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena. Na alipokuwa akiitazama hivyo, jina la Sadiki likafutika mbele ya macho yake.

Nawaambieni, mwingine angesema kompyuta imeharibika, akaenda kupata maandazi arudi baadaye. Sikitu alipiga yowe lililowatoa watu wodini. Akakimbia uwanjani bila viatu, akilia, "Pipa linakula! Mwajabu, pipa linakula watu!"

Mwajabu alipolisikia lile neno pipa, kikombe kilimdondoka. Akakimbilia chumba cha seva, Sikitu nyuma yake, na Namsifu, aliyekuwa karibu, akawafuata. Mashine ilikuwa inanguruma. Mwajabu akaandika amri ya kuisimamisha. Haikujibu. Akaandika tena.

"Hainisikii," akasema. "Inafuta huku, na huku inameza barua mpya zote zilizokuwa zimezuiwa."

"Picha zimekufa?" Sikitu akauliza.

"Bado. Inapofuta, inafuta jina kwanza, mwili unabaki kwenye diski. Lakini barua mpya zinatafuta pa kukaa. Ikikaa moja juu ya picha zile, ndiyo basi."

Namsifu akasema, "Nikate umeme?"

"Ukikata ghafla hivi diski inaweza kufa yote. Barua za hospitali nzima, Namsifu!"

"Nisipokata?"

Mwajabu akaiandika ile amri mara ya tatu, bure. Sikitu alikuwa amejishika kichwa. Na Namsifu naye, msidhani hakuogopa. Swichi kuu iliyoilisha seva ndiyo iliyolisha pia friji la chanjo. Haikuruhusiwa kuguswa bila idhini ya Mzee Mshana, na Mzee Mshana alikuwa amekwenda mazikoni, simu kaizima. Ana onyo la mwisho, na ana watoto wanaomtegemea. Midomo ilimcheza kama anasoma dua. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," akasema, akaing'oa betri ya akiba ya seva na kuishusha swichi kuu.

Ngurumo ikafa. Kimya kile kiliwatisha kuliko kelele.

Namsifu akawasha jenereta ndogo, akaunganisha friji la chanjo na kompyuta moja tu. Mwajabu akaitoa ile diski kwa mikono miwili, akaiunganisha na hiyo kompyuta kwa namna ya kusomwa tu, isiandikwe kitu. Diski ikaitika. Kazi ikaanza: kupekua vipande visivyo na majina, kimoja kimoja, kipi ni mshahara, kipi ni tangazo la msiba, kipi ni moyo wa mtoto.

Jua likapanda. Mama Sadiki akaja akasimama mlangoni, mkono tumboni. Macho yake hayakuondoka kwenye skrini.

"Fanya haraka!" Namsifu akamkemea Mwajabu. "Chukua chochote, tuma!"

"Nikikurupuka nitaiharibu kwa mkono wangu," Mwajabu akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini vidole havikukimbia. Akapekua, akapekua. Mwisho kikatokea kipande cheusi chenye alama nyeupe katikati. Akakiunga na chenzake, na kingine, mpaka moyo ukaonekana, na tundu lake. Wakazituma kwa simu ya Namsifu. Mwadhini wa bondeni alikuwa ameshaanza kuadhini adhuhuri jibu lilipoingia: "Zimefika. Mleteni."

Sadiki alipasuliwa. Alirudi Kilongwe akicheka, na midomo yake ikabaki na rangi ya midomo ya watoto wengine.

Hadithi ingeishia hapo, tungelala. Lakini Mama Sadiki, aliposimama mlangoni siku ile, kwa hofu aliweka nadhiri moyoni: "Atakayemwokoa mwanangu, huyu wa tumboni nitampa jina lake, awe somo yake." Akajifungua mtoto wa kike. Siku ya kumpa jina akawaita wote watatu, akawaeleza.

Namsifu hakuwa na haya. "Mtoto ni wangu. Nisingekata umeme, mngekuwa mnapekua majivu. Nimefukuzwa kazi kwa mkono ule, haya, nani mwingine kalipa kitu? Sikitu alipiga kelele tu. Tena ni yeye aliyezitia picha pipani!"

"Nilizitia kwa kuogopa," Sikitu akasema taratibu, "na nikaona kwa kuogopa. Nisingepiga kelele, wewe ungekata umeme gani? Mnanicheka kila siku. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na wewe, dada, ungeiua ile diski tungelia hospitali nzima. Hukujua itapona. Ulibahatisha."

Wakamgeukia Mwajabu. "Mimi ndiye niliyeifungulia seva," akasema. "Mkitaka, nitoeni. Lakini niliagizwa kusafisha, nikasafisha. Na kelele zenu na swichi yenu hazikuleta picha hata moja. Niliyezitoa ni mimi."

Mama Sadiki akawatazama mmoja mmoja, na hofu ile ya mlangoni ikamrudia. Bibi yake mzaa mama alikuwa amemwambia tangu utotoni kwamba nadhiri ikilipwa kwa asiyestahili haikulipwa, na deni hurudi pale pale lilipotokea. Akamvuta Sadiki karibu, akaweka kiganja juu ya kifua chake, asikilize kama bado kunadunda vizuri. "Jamani," akasema, "jina ni moja. Nikikosea je?"

Basi mama kaketi vile mpaka sasa, mkono mmoja juu ya moyo wa Sadiki, mkono wa pili amempakata binti mchanga asiye na jina. Mimi nimechoka kumwangalia, na nimeogopa kumshauri. Ninyi mmesikia yote. Yupi kati ya mwoga, mwepesi na mvumilivu alimwokoa Sadiki? Mtoto analia, anataka kuitwa. Je, wewe ungemwita nani?