Bei ya Kibanda cha Sihaba

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Kivuleni, jina lake Hilali bin Mshangama, mwenye jumba la ghorofa tatu. Jumba lilikuwa na milango ya nakshi, madirisha ishirini na manne, na choo ambacho wageni walipelekwa kukizuru kama kaburi la walii. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ubavuni pake palikuwa na kibanda cha udongo na makuti, na humo alikaa Sihaba, mjane mkaanga muhogo.

Miaka kumi na minane waliishi salama salimini. Hilali alikula muhogo wa Sihaba kila asubuhi na kuusifu mbele za watu. Mpaka alipokuja mgeni kutoka Maskati, anataka kununua jumba. Mgeni akapanda juu, akafungua dirisha, akavuta pumzi ili aonje upepo mwanana. Akavuta moshi wa karai. Alikohoa mpaka kilemba kikamvuka.

Kesho yake asubuhi Hilali akamwendea Sihaba na reale thelathini mkononi.

"Bi Sihaba, jirani yangu mpenzi, nimekuonea huruma. Chukua hizi, uhame kabla ya Ijumaa."

Sihaba akageuza muhogo karaini. "Huruma hiyo imekuanza lini, bwana? Miaka yote hii sijaiona ikipita hapa."

"Kibanda na kiwanja havifiki hata reale kumi na tano. Nakupa maradufu."

"Basi usijitie hasara kwa ajili yangu."

Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini moyoni aliogopa. Kibanda kile alikijenga yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao, na pengine pa kwenda hakuwa napo. Kwa reale thelathini Kivuleni hupati kiwanja hata cha kuzikiwa.

Hilali akamshtaki kwa Kadhi. Kadhi alikuwa mtu mwadilifu sana, na alikula pilau kwa Hilali kila Ijumaa. Sasa, desturi ya Kivuleni ni kwamba anayedai jirani anamdhuru sharti aipime hasara yake kwa fedha mbele ya mashahidi na kuiapia, na kauli ikishaandikwa haifutiki. Hilali hakuona tabu. Akaleta mpima nyumba, kanzu imepigwa pasi, kamba mkononi, na mashahidi wawili walioshiba vizuri.

Mpima akasafisha koo. "Jumba likiwa na kibanda ubavuni, mgeni anatoa reale elfu tano. Kibanda kikiondoka, anatoa elfu tisa."

"Ndivyo, Bwana Hilali?" Kadhi akauliza.

"Wallahi ndivyo. Kibanda cha mwanamke huyu kinanila reale elfu nne. Andika, Kadhi, andika kwa wino mzito."

Kadhi akaandika. Mashahidi wakatia sahihi. Hilali akajipangusa jasho na kutabasamu, kama mtu aliyekwisha kuhesabu fedha za mgeni.

"Bi Sihaba," Kadhi akasema, "kiwanja ni chako, hati nimeiona. Kukutoa bure siwezi. Lakini umemdhuru jirani, kwa hiyo nakuamuru umuuzie kwa bei ya haki. Una la kusema?"

"Sina ubishi, Kadhi. Bwana Hilali leo amesema kweli, na mimi ni nani nimvunje moyo siku ya kwanza?"

Watu wakaangua kicheko. Kadhi akawatuliza. "Utamuuzia, basi?"

"Namuuzia. Reale elfu nne."

Hilali akainuka kitini. "Elfu nne? Kwa udongo na makuti? Kadhi, huyu amerukwa na akili."

"Hebu tuulizane, bwana," Sihaba akasema. "Kibanda changu kina thamani gani?"

"Hakina thamani yoyote."

"Na makuti yake?"

"Takataka."

"Na kiwanja?"

"Hata mbuzi hageuki humo."

Kadhi akaweka kalamu chini. "Umemsikia, Bi Sihaba. Vyote havina bei. Kwa hizo elfu nne unamuuzia nini?"

"Makuti na karai naondoka navyo, Kadhi, na kiwanja nampa bakshishi. Ninachomuuzia ni kuondoka kwangu, na bei yake ameiapia mwenyewe kwa wino mzito."